Unataka kufanya utafiti wa kusoma na teknolojia pamoja na vijana wa kijijini? Soma hii kabla hujachapa dodoso

Hii nawaandikia wanafunzi wa masta na uzamivu, wahadhiri wachanga na watu wa miradi ya vyuo ambao wanatengeneza programu ya kufundisha watoto kusoma, au wanapima watu wazima wanaelewaje ujumbe wa simu, au wanakusanya sauti za Kiswahili za kufundishia mashine, alafu kwenye andiko la mradi kuna sehemu imeandikwa "ushirikishwaji wa jamii na vijana" na hawajui waanzie wapi. Nitaongelea zaidi Tanzania maana ndio fildi ninayoijua, Kenya nitaigusa panapohusika.

Kilichozoeleka tunakijua wote. Profesa anaandika andiko, hela inatoka, maswali yanapangwa ofisini, programu inatengenezwa na vijana wa IT pale chuoni, ndio sasa mtendaji wa kijiji anapigiwa simu, "tutafutie vijana kumi wa kushirikishwa". Vijana wanakuja, wanavalishwa tisheti, wanapigwa picha, wanakunywa soda, wanabofya bofya kishikwambi, jioni gari linaondoka. Hapo hakuna aliyeshirikishwa, hiyo ni sampuli iliyovaa tisheti. Roger Hart aliiandikia UNICEF mwaka 1992 kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto na vijana, ina vipandio 8, na vitatu vya chini kabisa ni kuwatumia kwa hila, kuwafanya mapambo, na kuwaweka kwa jina tu. Hivo vitatu yeye mwenyewe havihesabu kama ushiriki. Ukitaka kujua mradi wako umekaa kipandio gani jiulize, ni kitu gani kwenye utafiti huu kimebadilika kwa sababu kijana fulani alisema? Kama huna cha kutaja basi uko kwenye mapambo.

Na mtu asikwambie hii ni fasheni ya wafadhili iliyokuja juzi. Miaka ya 70 Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa anafanya utafiti pamoja na wanakijiji badala ya kuwafanyia, na mradi wa Jipemoyo kule Bagamoyo ulitoka kwenye fikra hizo hizo. Mtafiti mwingine, Budd Hall, alikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, taasisi ambayo kabla ya 1975 ilikuwa sehemu ya chuo kikuu hicho hicho, na leo popote duniani mtu akisomea utafiti shirikishi anakutana na Tanzania kurasa za mwanzo mwanzo. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, watu kama milioni 2 wakajipanga kwenye vikundi, wanasikiliza kipindi pamoja, wanasoma kijitabu, wanabishana, alafu wanaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Teknolojia ya wakati ule ilikuwa redio, lakini bila kikundi na kiongozi wake ambaye ni mtu wa hapo hapo redio ingeishia kupiga kelele tu. Kwahiyo unachotaka kufanya kina babu yake hapa hapa, ila chuoni mara nyingi hatuambiwi.

Nenda kabla hujawa na swali

Mi naona hili ndio kubwa kuliko yote yatakayofuata, na ndilo linalorukwa kuliko yote, kwa sababu mfadhili anataka swali liwe tayari ndio atoe hela. Njia ya kulipita hilo ni kuandika swali pana kwenye andiko na kuweka mstari wa bajeti wa maandalizi, hata kama ni nauli na malazi ya wiki chache tu, na useme wazi kwamba maswali madogo madogo na vipimo vitakamilishwa na jamii. Wafadhili wengi siku hizi wanalipenda hilo, ukilieleza vizuri halikuharibii.

Ukifika usitoe karatasi. Nenda kwenye gulio, kaa kijiwe cha bodaboda, ingia saluni, ongea na watu wa kwaya na wa madrasa, alafu angalia watu wanasoma nini kwa maisha yao yenyewe. Kaa pembeni ya kibanda cha wakala wa pesa za simu siku ya gulio utauona utafiti mzima bila kuuliza swali. Mama ujumbe umeingia kwenye kitochi chake, anampa mtoto wa darasa la tano amsomee, mtoto anasoma jina la aliyetuma na kiasi, akifika kwenye makato na salio na ile namba ndefu ya muamala anakwama, basi mama anamwinamia wakala amuulize, na wakala ndio huyo huyo mtu ambaye mama alitaka kumhakiki. Pale kuna kusoma, kuna hesabu, kuna teknolojia na kuna nani anamwamini nani, vyote kwenye kioo kidogo. Dodoso la "je unajua kusoma, ndiyo au hapana" lingempa huyo mama tiki ya hapana likaendelea na safari.

Vijana nao utakuta wanasoma vitu ambavyo chuoni havihesabiwi kama kusoma, fomu za Ajira Portal ya kuombea kazi serikalini, maombi ya mkopo wa chuo ya HESLB, maneno ya video, mikeka ya kubashiri mechi. Ndio, mikeka, kijana aliyeambiwa na shule kuwa ni mzito wa hesabu anakokotoa mkeka wa timu nane bila kalamu. Sikushauri ujenge mradi juu ya kamari ila usijifanye hujaona.

Ukitoka hapo swali lako la mwanzo, tuseme ni "je kishikwambi kinaongeza kasi ya mtoto kusoma maneno kwa dakika", litakutana na la wazazi, "kwanini mwanangu kamaliza la saba na hawezi kunijazia fomu". Hayo mawili yanaweza kukaa kwenye utafiti mmoja, ila la pili usingelipata ukiwa ofisini.

Vibali

Hii sehemu haina utamu ila ukiiruka unarudishwa njiani. Tanzania bara kibali cha utafiti kinatoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na vyuo vikuu kadhaa vina utaratibu wa kuwapa barua wanafunzi na wafanyakazi wao wenyewe, ulizia kurugenzi ya utafiti ya chuo chako. Ukigusa afya unaingia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Zanzibar ina utaratibu wake, usipande boti na karatasi ya bara tu ukadhani umemaliza. Baada ya hapo ni ngazi ya kawaida, katibu tawala wa mkoa, wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa na mwenyekiti wake, na kama unaingia shuleni basi afisa elimu, afisa elimu kata na mwalimu mkuu. Kenya ni NACOSTI kwanza, tume yao ya taifa ya sayansi na teknolojia, alafu unajitambulisha kaunti, kwa kamishna na kwa mkurugenzi wa elimu. Beba kopi nyingi kuliko unavyodhani, kila ofisi inabaki na yake na mashine ya fotokopi kijijini huwa iko kwenye kata ya jirani.

Barua lakini inakufungulia ofisi tu. Mwombe mwenyekiti akuweke kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji, usimame mbele ya watu, useme unataka nini, unalipwa na nani, na wao wakuulize. Wataanza kuuliza vitu vigumu. Utafiti uliopita matokeo yake yako wapi? Hivyo vishikwambi vinabaki au vinaondoka? Watoto wa shule nyingine kwanini hawapati? Jibu kama unavyojua, na usiahidi kitu ambacho hakipo kwenye bajeti. Ukiulizwa kama mradi utaleta madawati na hauleti, sema hauleti, watu watanung'unika dakika mbili alafu wataendelea na wewe.

Kijana ni nani hasa

Sera ya vijana ya Tanzania inasema kijana ni miaka 15 mpaka 35. Kwahiyo ukimwambia mtendaji "niletee vijana" kwa sera hiyo anaweza kukuletea mababa wanane wa miaka 33 wenye watoto wanaosoma la tatu, na hajakosea. Wakati huo huo Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema chini ya miaka 18 ni mtoto, kwahiyo wa 15 mpaka 17 ni kijana na mtoto kwa pamoja, huyo unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi na kukubali kwake yeye mwenyewe. Mzazi akisema ndio na mtoto akasema sitaki, basi ni sitaki. Andika umri unaoutaka kwenye barua, na sababu.

Usimwachie mtu mmoja akuchagulie. Sio kwamba mtendaji ni mbaya, ni kwamba kila mtu anawakumbuka anaowajua, utaishia na kijana yule yule ambaye ni katibu wa kila kamati na mpwa wa mtu. Chukua baadhi kupitia ofisi, bandika tangazo kwenye mti wa gulio na ukuta wa zahanati, na wengine wafuate wale uliowaona mwenyewe siku zile za kijiweni. Alafu kaa uangalie nani hayupo. Mara nyingi hayupo msichana aliyeacha shule na ana mtoto, dada wa kazi, mtoto wa wafugaji, na kijana mwenye ulemavu ambaye nyumbani hawajazoea kumtoa kwenye mikutano. Kama utafiti ni wa kusoma, hao ndio walio karibu na tatizo kuliko yule katibu wa kamati.

Na muda, jamani. Saa kumi jioni wavulana wote watakuja, wasichana wako kwenye maji na jiko. Waulize wasichana wenyewe saa gani, na kama watahitaji kikao chao peke yao kwanza wapewe, kwa sababu kwenye kikao cha mchanganyiko kishikwambi kinakamatwa na mvulana mmoja na hakitoki mkononi mwake mpaka chaji iishe. Kalenda nayo iangalie, mtihani wa darasa la saba ni Septemba, kidato cha nne Novemba, mvua za kwanza zikigusa ardhi watu wote wako shamba, na mwezi wa Ramadhani usipange semina ya mchana yenye chai na maandazi kwenye kijiji cha Waislamu alafu ushangae viti vitupu.

Pesa

Hapa watu wa chuo wanapenda kuongea kwa sauti ya chini. Kijana anayekusanya data, anayejaribu programu, anayetafsiri maswali, anafanya kazi, na kazi inalipwa. "Anapata uzoefu" sio malipo, cheti sio malipo, ingawa cheti pia mpe maana kitamsaidia kwenye CV. Weka kiwango mapema, kiandike, kiwe sawa kwa wote wanaofanya kazi sawa, na kisipishane sana na kile wanacholipwa wasaidizi wa utafiti mliotoka nao mjini. Kuna mradi niliwahi kuwa ndani yake, msaidizi wa kutoka chuoni alikuwa analipwa kwa siku karibu mara tatu ya kijana wa kijiji, na ni kijana wa kijiji ndio alikuwa anajua nyumba, anajua lugha ya nyumbani, anatuliza mbwa. Habari hizi hazifichiki, wanakula mgahawa mmoja.

Watu wanaokuja tu kujibu maswali ni suala lingine, hao wafidie muda na nauli, ila kisiwe kiasi kikubwa mpaka mtu mwenye shida ashindwe kusema hapana.

Jipange na mambo ya malipo kabla. Laini za simu Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na vijana wengi hawana NIDA bado, wanatumia laini ya mama au ya kaka, kwahiyo ukituma hela jina linatokea la mtu mwingine na mhasibu wa chuo anakataa kupitisha. Kaa na mhasibu mapema mkubaliane fomu ya kuthibitisha itakayokubalika, kijana anasaini, mwenye laini anasaini, yameisha. Na uombe fedha zitoke mapema, maana kijana aliyefanya kazi Machi akalipwa Agosti hatakusikiliza tena hata ukija na kishikwambi cha dhahabu. Bando na chaji navyo ni gharama za mradi, asitumie vocha yake kukutumia data zako.

Kazi yenyewe, tuchukue kipimo cha kusoma

Tuseme unapima watoto wa darasa la pili na la tatu, kwa kishikwambi, mtoto anasoma kwa sauti na mpimaji anagusa neno lililokosewa, mwisho unapata maneno sahihi kwa dakika. Ukiwa na kikundi cha vijana kama nane hivi, wape kipimo kizima wakichambue kabla ya mtoto yeyote kukiona. Wape siku nzima. Hapo ndipo utakapoona thamani yao, nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza, matamshi. Mtoto anasoma "dhahabu" anasema zahabu, anasoma "thamani" anasema samani, na sehemu nyingi za bara r na l zinapishana kwa mtoto na kwa mwalimu wake pia. Je huyo amekosea kusoma? Herufi ameziona, neno amelijua, ukimuuliza maana anakwambia. Kama wewe umekulia Unguja au Dar kidole chako kitagusa "kosa" bila kufikiri, na kama programu inasikiliza yenyewe kwa mashine iliyofundishwa sauti za mjini nayo itagusa kosa, na mwisho wa mwezi ripoti itasema watoto wa mkoa fulani hawajui kusoma. Vijana wa pale wanajua ni matamshi gani ni ya kawaida kwao na yapi ni kubahatisha. Kaeni mtengeneze orodha pamoja, hili linakubalika, hili halikubaliki, alafu chukueni rekodi chache za watoto, kila kijana asahihishe peke yake, mlinganishe. Wakitofautiana mnasikiliza tena na kubishana. Hayo ni makubaliano ya wapimaji ambayo msimamizi wako atakuuliza siku ya utetezi, na umeyapata kwa watu wanaostahili kuyatoa.

Wa pili, maneno yasiyo na maana. Vipimo hivi vinakuwaga na sehemu ambayo herufi zimepangwa zikatamkika lakini neno halipo, "leku", "gapo", kusudi uone mtoto anaunganisha sauti au amekariri kwa macho. Mzazi akichungulia dirishani anasikia mwanae anasomeshwa gapo, leku, anaondoka anasema hawa watu wa chuo wanaharibu watoto. Kwahiyo kwanza vijana wawaeleze wazazi kabla. Pili, na hili ni zito zaidi, waulize vijana kama hayo maneno kweli hayapo, maana Tanzania ina lugha zaidi ya 120 na neno lisilo na maana kwenye Kiswahili linaweza kuwa jina la mzee, jina la ugonjwa au tusi zito kwenye lugha ya nyumbani. Kompyuta haitakwambia. Mtoto atacheka au atakaa kimya, na wewe utaandika sifuri.

Upimaji wenyewe ufanyike pembeni, sio mbele ya darasa, mtoto asiyejua kusoma asianikwe. Na akimaliza kila mtoto aambiwe kitu kizuri, hata kama amesoma herufi tatu.

Kuingiza data tumia KoboToolbox au ODK, ni programu za kujazia madodoso kwa simu au kishikwambi, zote zinafanya kazi bila mtandao, mnajaza kutwa nzima jioni mkipata mnara mnatuma. ODK yenyewe ilianzia Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani mwaka 2008, kwahiyo ukiona watu wanadharau programu za vyuo wakumbushe. Fomu zake zinaandikwa kwenye Excel ya kawaida, sasa usiwafiche, wafundishe vijana kuitengeneza na kuibadilisha. Kijana anayejua kutengeneza fomu ya Kobo anatafutwa na halmashauri, na mashirika, na mradi wa mtafiti mwingine, huo ni ujuzi unaobaki.

Vifaa

Kabla ya kununua vishikwambi ulizia vilivyopo. Vile vya Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, kwahiyo shule unayokwenda inaweza kuwa navyo tayari na mwalimu akawa mshirika wako wa kwanza badala ya kuona umekuja kumpita pembeni.

Ukinunua, jifunze kwa shindano la Global Learning XPRIZE lililofanyiwa majaribio mkoani Tanga, vijiji karibu 170, watoto karibu 3,000 ambao wengi hawakuwa shuleni kabisa, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu kwa miezi 15. Mwaka 2019 washindi wakawa wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10. Watu wanakumbuka hizo dola, mimi nakumbuka zaidi akina mama wa vijijini waliopewa jukumu la kuviangalia vile vifaa na vituo vya chaji ya sola. Mtoto bila chaji hana programu, na chaji ilikuwa kwa mama anayejulikana. Kwenye mradi wako mtafute mtu huyo, mlipe, na muandikiane kikipotea au kikivunjika nani anafanya nini. Mkisema kijana ndio atalipa kikivunjika hatakitoa kabatini, kitabaki kipya mpaka mradi uishe.

Kenya walipoanza mpango wa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta (JKUAT) walikuwa kwenye vikundi vilivyopewa kazi ya kuvileta. Chuo kinaweza kabisa kuwa ndani ya mambo ya vifaa, ila muulize mwalimu yeyote, swali linalofuata ni kioo kikipasuka kinatengenezwa wapi. Fundi simu wa senta aliyezoea kubadilisha vioo ni sehemu ya jamii pia, mwite kwenye semina.

Sauti, picha na taarifa za watu

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 2023, Kenya wana ya kwao ya 2019. Sauti ya mtoto anayesoma ni taarifa binafsi, matokeo yake pamoja na jina lake ndio kabisa. Tumia namba badala ya majina, ile karatasi inayounganisha namba na majina ikae sehemu nyingine, na grupu la WhatsApp la mradi lisitumike kurushiana rekodi za watoto hata kama ni rahisi.

Fomu ya ridhaa ya kurasa nne yenye lugha ya mwanasheria haimsaidii mtu, tena kwenye utafiti wa kusoma ni kichekesho, unampa mtu asiyesoma vizuri karatasi ngumu asaini kwamba ameelewa. Waachie vijana waiandike upya kwa maneno ya kawaida, wairekodi kama ujumbe wa sauti, na baada ya kusikiliza mtu aeleze mwenyewe amekubali nini. Akishindwa kueleza hajakubali bado.

Kama unakusanya sauti za kutoa bure kwa dunia nzima, kama zile za Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti, iliyoanza kampeni ya Kiswahili mwaka 2021, sema waziwazi kwamba ikishatoka imetoka, kampuni yoyote inaweza kuichukua na kuifanyia biashara, na huwezi kumfuata kila aliyeipakua umwambie afute. Wapo vijana watakaosema poa, nataka simu ielewe Kiswahili cha kwetu. Wapo watakaokataa. Wote wawili wameelewa. Na sentensi za kusoma waache watunge wenyewe, zile zinazotafsiriwa kutoka mbali unazisikia tu, mtu anasoma kama anatoa risala.

Wakae kwenye uchambuzi na kwenye majina

Data zikishaingia chuoni mlango unafungwaga hapo. Usifunge. Chapisha grafu chache, kubwa, bila majina, rudi nazo, wawekee mezani uulize mnaona nini. Utaona wastani wa shule moja umeshuka na utakuwa umeshaandaa maelezo ya kitaalamu, kijana atakwambia mwalimu wa la pili alikuwa likizo ya uzazi na darasa liliunganishwa na la kwanza. Basi.

Kuhusu majina kwenye makala, watu wa Masakhane, mtandao wa watafiti wa lugha za Kiafrika ulioanza 2019, makala yao ya 2020 kuhusu utafiti shirikishi wa tafsiri za mashine ilibeba waandishi zaidi ya 40, na wengine hawakuwa wataalamu wa kompyuta. Waliochapisha hawakukataa. Kijana aliyebadilisha kipimo chako amechangia kisomi, muulize kama anataka jina lake liwepo na umweleze maana yake, kama hataki mshukuru humo kwenye makala kwa namna atakayopenda yeye. Wasan, jamii ya asili ya Afrika Kusini, walifika mahali wakaandika kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti mwaka 2017, mtafiti anatakiwa afuate za kwao. Kijiji chako kinaweza kuwa na ukurasa mmoja tu wa hivyo, nani anamiliki nini, mrejesho lini, jina la nani linaandikwa, na nakala ikae kwenye faili la kijiji.

Mrejesho

Uwezo, mpango ulioanza 2009 wa kupima watoto nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda kwa kutumia watu wa kujitolea kutoka maeneo hayo hayo, una tabia moja nzuri ya kuiga, mzazi anaambiwa pale pale mtoto wake ameweza nini. Hasubiri ripoti. Nawe fanya hivo, mpimaji akifunga kishikwambi amwambie mama taratibu, na amwachie kitu cha kufanya, hata kitabu cha hadithi kilichochapishwa kutoka African Storybook, maktaba ya hadithi za watoto mtandaoni, zile ni bure na za Kiswahili zipo.

Mrejesho mkubwa uwekee tarehe kwenye ukurasa ule wa makubaliano na hela yake uitenge kabisa siku ya kwanza, kwenye mstari wake, maana ukisubiri mwisho wa mradi haipo, imeshaenda kwenye mafuta ya gari. Wasilisha kwenye mkutano wa kijiji, vijana ndio wasimame waongee, wewe ukae kwenye benchi ujibu ukiulizwa. Slaidi hazihitajiki na umeme unaweza usiwepo. Walimu wape kikao chao tofauti kabla, wasisikie udhaifu wa darasa lao mbele ya wazazi kwa mara ya kwanza.

Alafu kabla hujaondoka maliza mambo ya vifaa. Kama vinabaki viandikwe kwa jina la shule au maktaba ya kata, sio la mtu, ile programu iwe na nakala inayofanya kazi bila mtandao wa chuo, nywila zote ziwe kwa watu wawili wanaoishi pale, na akaunti ya Kobo ifunguliwe mpya kwa barua pepe ya kikundi chao, yenye fomu tupu tu, bila data za watoto, ili wakitaka kupima tena Januari darasa jipya likiingia wasilazimike kukupigia.